Mbwa wa kutafuta maiti hapa Michigan: wa kulipia nyota 1, wa kujitolea nyota 4

Naandika hii riviu kwa sababu kwenye magrupu yetu ya WhatsApp watu wameanza kuulizana namba ya "yule jamaa wa mbwa", na kila nikiliona hilo swali roho inaniuma. Ngoja niweke kila kitu mahali pamoja, bei, walichofanya, walichosema, nilichokiona kwa macho yangu, halafu mwenye kuamua aamue mwenyewe.

Huduma yenyewe ni ya mbwa waliofundishwa kunusa mabaki ya binadamu. Yaani mtu amepotea, siku zimepita, matumaini ya kumkuta hai yamekwisha, ndo wanaletwa hawa. Nimeshuhudia timu mbili tofauti zikimtafuta mtu mmoja, mzee wetu wa jamii ya Waswahili huku, mtu wa Ujiji, alikua na maradhi ya kusahau, akatoka nyumbani alfajiri mwishoni mwa Oktoba na hakurudi. Mimi nilikua mkalimani wa familia maana bibi, mke wa mzee, Kiingereza hajui na watoto wake wako majimbo mengine. Jina la mzee sitaji, na yule wa kulipia nae sitaji, nitaeleza anavyofanya kazi na nadhani hiyo inatosha kumjua mwingine wa aina yake ukikutana nae.

Nianze na wa kulipia. Dola 2,400, nusu inatumwa kwenye simu kabla hajawasha gari, mafuta na hoteli juu yenu. Hela ilichangwa, msikitini walitoa, Wakongo wa kanisa la jirani walitoa, kina mama wa upatu wakavunja mzunguko wao wa mwezi ule wakatoa wote. Nalisema hili ili mjue ni hela ya aina gani. Ni hela ya watu wanaofanya kazi usiku kwenye maghala na viwanda vya kuku, na waliitoa kwa sababu bibi alikua anarudia neno moja tu kila siku, "mwanangu mi nataka nimzike, nimzike tu, nijue yuko wapi". Mtu aliefika hapo hatafuti risiti, hasomi masharti, atampa yeyote anaesema najua alipo. Na huyu jamaa kwenye simu alisema hivo hivo, mbwa wake hajawahi kukosea. Hajawahi. Nilimtafsiria bibi hilo neno na niliona uso wake ulivofunguka.

Alikuja na pikapu, jaketi lina beji kila upande, mbwa jike mzuri kabisa, ana afya, mtulivu. Niseme mapema mbwa hana kosa lolote kwenye hii stori.

Cha kwanza aliomba nguo ya mzee ambayo haijafuliwa, ili mbwa anuse. Bibi akatoa kanzu. Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba mbwa wa kutafuta maiti hahitaji kanzu ya mtu. Yule anaenusa nguo ni mbwa wa kufuata njia ya mtu fulani, harufu yake yeye peke yake. Mbwa wa maiti anatafuta harufu ya mwili wa binadamu unaooza, wa mtu yeyote, na amefundishwa kwa vitu halisi vya binadamu, damu, meno, mifupa, kondo la nyuma ambalo kina mama wamekubali kulitoa, mpaka udongo uliochukuliwa chini ya mahali maiti ilipolala. Anafundishwa pia kupuuza mzoga wa paa, wa sungura, wa mbwa mwenzie. Kuna mbwa waliofundishwa kazi zaidi ya moja, sawa, lakini huyu jamaa alisema wake anafanya zote, walio hai, wafu, dawa za kulevya, hela zilizofichwa, na kwenye maji pia. Mbwa mmoja huyo huyo.

Cha pili, na hiki ndo kikubwa, alikaa kwenye kochi karibu saa nzima anauliza mzee alipenda kukaa wapi, alikua anapitia njia gani, nyie wenyewe moyo unawaambia yuko wapi. Bibi akamwambia kuhusu benchi la pale kwenye kijiziwa nyuma ya uwanja wa mpira, mzee alikua anapenda kwenda kuangalia bata. Jamaa akaandika kwenye simu. Mi nilidhani anafanya utafiti.

Tukaenda. Nikwambie nilichokiona, maana nilikua karibu nae hatua chache tu. Mbwa yuko kwenye kamba fupi, imekazwa. Mkono mwingine wa jamaa uko mfukoni, na mfukoni kuna mpira wa kuchezea, ndo zawadi ya mbwa akipatia. Walipita lile benchi mara ya kwanza, mbwa akanusa akaendelea zake. Wakapita tena, mbwa akaendelea. Mara nyingine jamaa akapunguza mwendo, akasimama pale pale, akamtazama mbwa, mkono ukacheza mfukoni. Mbwa akainua kichwa, hakutazama maji, hakutazama chini, alitazama ule mfuko. Akakaa. Jamaa akatoa mpira akamrushia akasema kwa sauti kubwa yupo hapa. Bibi alipiga magoti kwenye tope.

Polisi wa kaunti wakaleta wazamiaji, kwenye maji yale ya baridi, ziwa dogo lile, wakalimaliza lote. Hamna kitu. Jamaa akasema mwili umesogezwa na mkondo, kwenye kijiziwa ambacho hakina mto unaoingia wala unaotoka. Akasema akilipwa siku ya pili atakuja kufuatilia ulikoenda.

Sajenti wa polisi, mtu mpole, akamwambia kabla ya hapo tufanye jaribio dogo, tunaweka makopo kumi pale uwanjani, moja lina sampuli halisi, mengine matupu, wewe hutajua lipi na mimi nitakaesimama na wewe sitajua, tumuone mbwa. Jaribio la dakika kumi. Jamaa akasema mbwa amechoka. Sajenti akasema basi kesho asubuhi. Jamaa akasema mbwa wake hafanyi mitihani, kazi yake inajulikana mpaka mahakamani. Akapakia mbwa akaondoka na ile nusu aliyotumiwa. Nyota moja nimempa kwa sababu mfumo haukubali kuweka sifuri.

Sasa kuna watu wamenambia labda hakua tapeli, labda na yeye anaamini. Inawezekana, moyo wa mtu siujui. Ila ukishaelewa mbwa anavosoma mwili wa binadamu utaona kwamba kwa mnunuzi haina tofauti. Pale Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita palikua na farasi anaitwa Hans aliesifika kwamba anajua hesabu, anagonga kwato mpaka anafika jibu. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst akaonyesha kwamba farasi alikua anamsoma anaemuuliza, ikifika namba sahihi mtu analegea kidogo bila kujijua, farasi anaacha kugonga. Ukimuweka mbele ya mtu asiejua jibu, na farasi hajui. Na mwenye farasi hakua mwongo, aliamini kabisa. Sasa kama farasi anaweza, mbwa ambae ameishi na sisi maelfu ya miaka anatuangalia usoni, na anataka mpira wake, atashindwaje.

Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha California kule Davis, wakiongozwa na Lisa Lit, walichapisha jaribio ambalo naomba kila mtu alijue. Walichukua timu 18 za mbwa na waongozaji wao, mbwa wa dawa za kulevya na vilipuzi, wakawapeleka kwenye kanisa lenye vyumba vinne. Waongozaji waliambiwa huenda kuna harufu imefichwa, na kwamba sehemu nyingine zimewekewa alama ya karatasi nyekundu. Ukweli ni kwamba hakukua na kitu chochote mle ndani. Kwenye misako 144, iliyoisha safi bila mbwa kuripotiwa ameashiria ilikua 21 tu. Taarifa za uongo zilifika 225, maana msako mmoja uliweza kuwa na zaidi ya moja, na zilirundikana kule waongozaji walikokua wanaamini kuna kitu. Hao ni mbwa wenye vyeti, sio wa mtaani. Na lile benchi la mzee lilikua karatasi nyekundu ya huyu jamaa, bibi mwenyewe ndo alimpa, kwa nia njema, akijibu swali aliloulizwa.

Ukitaka upande ambao hauna shaka kabisa ni utapeli, haupo mbali, ni hapa hapa Michigan. Palikua na mama anaitwa Sandra Anderson, yeye na mbwa wake Eagle, sifa zao zilifika mbali, wanaitwa majimbo mengine, wanaitwa na FBI, wamefanya kazi mpaka nje ya nchi, Eagle anazungumzwa kama mbwa wa miujiza. Mwezi wa nne mwaka 2002 wakiwa msitu wa Huron wanatafuta mabaki ya mwanamke aliepotea tangu 1980, akaonekana anaweka mfupa mwenyewe pale pale panapotafutwa. Uchunguzi ukafunguka. Mwaka 2004 alikiri makosa, kupandikiza ushahidi, kuzuia haki, kudanganya wachunguzi, akafungwa miezi 21. Fikiria familia ambazo ziliambiwa tumempata kidogo, huu ni mfupa wake, ukafanyiwa dua, kumbe mfupa umetoka mfukoni. Mi nikifikiria hilo halafu nimkumbuke bibi kwenye lile tope, nashindwa kuendelea kwa utulivu. Mtu ukimwibia hela atatafuta nyingine, ukimpa maiti ya uongo umemchukulia hata msiba wake.

Na kuna watu wanauliza kwani kuna hasara gani, si mnatafuta tu, msipopata mmekosa. Hasara ipo kubwa, hasa harufu ikigeuzwa ushahidi dhidi ya mtu. Kule Florida miaka ya 80 palikua na mwongoza mbwa anaitwa John Preston, polisi mstaafu wa Pennsylvania, aliiambia mahakama mbwa wake anaweza kufuata harufu iliyokaa muda mrefu sana, hata ikipita kwenye maji. Mwaka 1984 jaji mmoja akaamua amjaribu mwenyewe, mbwa akashindwa jaribio rahisi. Lakini kabla ya hapo watu walishafungwa. Wilton Dedge alikaa ndani miaka 22 akatoka 2004, William Dillon miaka 27 akatoka 2008, wote DNA ndo ilionyesha siyo wao. Hao hawakua mbwa wa maiti, ni wa kufuata harufu ya mtu, ila ugonjwa ni ule ule, mbwa hawezi kuulizwa maswali mahakamani kwa hiyo anaeongea ni mwenye kamba.

Sasa timu ya pili. Hawa ni wa kujitolea, hawachukui hata senti, na hawaji kwa kuitwa na familia, wanaitwa na polisi. Aliekuja ni mama mtu mzima, nesi mstaafu, na Labrador mweusi, na mwenzie kijana na mbwa mwingine.

Alivofika alisimama nje ya mlango, akaniuliza kama mbwa wake abaki kwenye gari kwa sababu ameambiwa nyumba ni ya Waislamu. Nikamwambia ndiyo tutashukuru. Akaingia peke yake, akavua viatu. Bibi, kwa mazoea ya yule wa kwanza, akaanza kumwambia kuhusu benchi. Yule mama akanyanyua mkono, kwa heshima, akanambia mwambie mama tafadhali asinambie anafikiri yuko wapi, mimi sitaki kujua, nikijua mbwa wangu atajua kwamba najua. Nilivotafsiri bibi alinyamaza kidogo halafu akasema "huyu anajua kazi yake". Bibi hajasoma lakini amefuga mbuzi na ng'ombe tangu utotoni, hilo hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kabla ya kuanza alikua na kichupa kidogo cha unga, anakibinya, unga unatoka kama moshi, anaangalia unaelekea wapi. Upepo. Alinieleza huku anatembea kwamba harufu haikai juu ya mwili ikakusubiri, inatembea na upepo, inashuka na mteremko, inabebwa na maji, inakwama kwenye majani marefu, jua likiwa kali inapanda juu, asubuhi na jioni inatambaa chini, kwa hiyo mahali mbwa anapokaa ni mahali harufu ilipofika, mwili unaweza kuwa pembeni na mbali. Mbwa wake hakua na kamba. Alikua na GPS shingoni, anazunguka mwenyewe kwa upana, na yule mama anatembea nyuma mikono yake ameishika mgongoni. Nilimuuliza kwa nini umeshika mikono hivo, akasema ili isiseme kitu.

Eneo la kwanza, lile lile la ziwa, mbwa alizunguka lote, akanywa maji, akarudi. Yule mama akasema maneno ambayo nilitamani yule jamaa wa kwanza angekua na ujasiri wa kuyasema: hapa leo mbwa wangu hajanambia kitu, hiyo siyo sawa na kusema hayupo, ni kwamba hatujamkuta. Nilimtafsiria bibi vile vile bila kuongeza wala kupunguza. Bibi alikubali. Watu wanadhani mfiwa hawezi kubeba "sijui", anaweza, asichoweza ni kuambiwa najua halafu ikawa uongo.

Baadae wakahamia upande wa barabara ya chini, kwenye bonde lenye matete. Pale mbwa alibadilika. Sijui nieleze vipi, mkia ulikaza, pua ikawa inakata kulia kushoto, akaenda akarudi, akalala chini katikati ya matete akamtazama yule mama. Yeye hakusema kitu, hakupiga kelele, hakuweka bendera. Alibonyeza kifaa chake, akamlipa mbwa, akaondoka nae. Akamnong'oneza sajenti peke yake. Halafu yule kijana wa pili, ambae muda wote alikua kwenye gari upande mwingine wa barabara, akaitwa aanze kutokea kwake bila kuambiwa chochote. Mbwa wake nae akaja mpaka yale matete, akalala hatua chache kutoka pale pale. Mbwa wawili, watu wawili, hakuna aliejua cha mwenzie.

Polisi wakapekua yale matete yote. Hamna. Hapo mi nikaona basi, yale yale. Lakini yule mama hakushangaa, wala hakusema mwili umehama. Aliuliza swali moja: haya maji yanatoka wapi? Kumbe kuna kalavati linapita chini ya barabara, maji ya mvua yanashuka kutoka juu yanaishia kwenye matete. Wakafuata maji kwenda juu. Mzee alikua upande wa pili wa barabara, ndani ya vichaka karibu na mdomo wa kalavati, mahali ambapo watu walishapita kwa gari na kwa miguu mara nyingi. Daktari wa uchunguzi wa vifo ndo alithibitisha kwamba ni yeye, na mpaka alipothibitisha yule mama hakusema kwa mtu yeyote kwamba mbwa wake wamempata. Kwake mbwa kulala ni taarifa tu, kinachohesabika ni kilichopatikana na kilichopimwa.

Hili la kusubiri kipimo lina historia yake. Mwaka 2008 kule kisiwa cha Jersey, kwenye nyumba ya zamani ya kulelea watoto iitwayo Haut de la Garenne, mbwa aliashiria, kikachimbuliwa kipande, dunia nzima ikatangaziwa ni fuvu la mtoto. Vipimo vya baadae vikasema si mfupa, ni kitu kama mbao au kifuu cha nazi. Na ubaya wake ni kwamba watoto kweli waliteswa kwenye nyumba zile, watu wamehukumiwa kwa hilo, lakini kelele za lile "fuvu" ziliwapa wasiotaka kuamini sababu ya kutokuamini.

Bibi alitaka kumlipa yule mama, akakataa. Alikubali chai na maandazi tu, na maandazi akafungiwa na ya kuondoka nayo.

Nilimuomba anionyeshe jinsi anavojua kama mbwa wake yuko sawa. Akatoa daftari. Kila zoezi limeandikwa, tarehe, hali ya hewa, sampuli ilikua gani, imekaa muda gani, na kama mbwa alipata au alikosa. Kulikua na kurasa ambazo mbwa alikosa, ameandika "amekosa" kwa herufi kubwa na sababu anayodhani. Kuna mazoezi ambayo hakuna kitu kimefichwa kabisa, uwanja mtupu, ili kuona kama mbwa atabuni. Akanambia mbwa ambae hajawahi kupewa uwanja mtupu anajifunza kwamba kila safari lazima kuna mpira mwishoni, basi ataukalia popote.

Basi kwa nini nyota nne na sio tano. Ni kwa sababu ya kuchelewa, na sio kosa la yule mama. Familia haiwezi kuwapigia wenyewe, lazima polisi waombe, na polisi hawakuomba mapema, kila tukiuliza wanasema wanatathmini. Hatukuambiwa hata kwamba huduma hii ipo na ni bure. Yule jamaa wa dola 2,400 aliingia kwenye ule mwanya, matangazo yake yako kwenye simu saa ishirini na nne na anapokea kwa mlio wa kwanza. Pia walipomaliza eneo la kwanza kulikua na ukimya mrefu, hakuna anaetuambia kinachoendelea, na kwenye lugha yetu hakuna karatasi hata moja, watu wakaanza kusema wanaficha kitu. Kaunti ikirekebisha hayo matapeli watakosa wateja.

Kwa mwenye shida leo, kwanza bana polisi. Kwa adabu ila bana, uliza moja kwa moja: mmeomba mbwa wa kutafuta mabaki? lini? timu gani? Kama bado, omba aandike sababu. Msikiti, kanisa, chama cha jamii, wote wapige simu ile ile. Akitokea mtu binafsi kwanza muulize sajenti wa kesi kama anamjua, maana mtu akitembeza mbwa bila polisi kujua anaweza kuharibu eneo, na chochote atakachookota kitakua na maswali. Muombe daftari la mazoezi, sio cheti peke yake. Muulize mara ya mwisho mbwa wake alikosea lini. Akisema hajawahi, umeshapata jibu, okoa hela yako. Muulize kama anakubali jaribio ambalo yeye wala anaesimama nae hawajui sampuli iko wapi. Kule Virginia mtu anaitwa Russell Ebersole alikua anaiuzia serikali ya Marekani huduma ya mbwa wa mabomu baada ya Septemba 11, 2001, mpaka siku walipopitisha magari yenye vilipuzi kwa siri, TNT, baruti, C-4, mbwa wakayaachia yote yakaingia. Alihukumiwa miaka sita na nusu mwaka 2003. Muda wote ule majengo yalikua yanalindwa na karatasi tu.

Na usimwambie mwenye mbwa unafikiri mtu wako yuko wapi. Mwambie polisi, wao wanayo haki ya kujua, wao ndo wapange maeneo. Mwenye mbwa akikukalisha kwenye kochi kukuhoji moyo wako unasemaje, simama umsindikize mlangoni.

Kuhusu hela yetu, benki ilisema malipo uliyoidhinisha mwenyewe hairudishi. Jamaa hapokei tena simu zetu. Tumeandika malalamiko kitengo cha kulinda watumiaji kwenye ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, mi ndo nimeyaandika kwa Kiingereza na bibi ameweka saini yake. Mwingine aliewahi kutapeliwa hivi hivi hapa Michigan aniandikie inbox, malalamiko yakiwa mengi yanasomwa haraka. Wakijibu nitaongezea hapa chini.